Bi Mize Alipoteuliwa Kuwa Bahari

Nchi inayosimuliwa hapa haimo kwenye ramani, na anayedhani ameitambua aombe msamaha mapema, kwani wakubwa wake hawapendi kutambuliwa. Ni nchi ya amani, yenye pwani ndefu na viti vingi. Viti ndio msingi wa serikali yake. Jambo lisilokaliwa kikao huko halihesabiwi kuwa limetokea. Mvua ikinyesha kabla ya kikao cha mvua, wakulima huambiwa watulie wangoje mvua yenyewe.

Serikali hiyo ikatamani bandari. Wafadhili wa ng'ambo wakakubali kuijenga kwa sharti moja, kwamba iwe bandari endelevu. Wakaleta wataalamu, wakapima kina cha maji, wakaangalia mchanga unavyotembea, wakazunguka kwenye mikoko, kisha wakaandika kitabu kinene kama tofali. Waziri wa Bandari, Mheshimiwa Dakta Ngwali, hakukisoma chote, maana ana shughuli, lakini sentensi ya kwanza aliisoma. Ilisema bahari ndiyo mdau wa kwanza, na isikilizwe kabla ya kuguswa.

Dakta Ngwali akakifunga kitabu. "Tumeshamwalika?"

"Nani, Mheshimiwa?"

"Mdau wa kwanza."

Aliyeulizwa ni Bwana Shaame, Mkuu wa Itifaki, mtu aliyejua nani akae kabla ya nani hata usingizini. Akakiri kwa aibu kwamba hawajamwalika. Siku hiyo hiyo kadi ikaandikwa kwa wino wa dhahabu, ikapelekwa kwa boti ya serikali na kudondoshwa majini mbele ya mashahidi. Bahari ikaipokea. Siku ya kikao, kiti chake kikabaki kitupu, na wajumbe wakala wakaondoka bila kuamua neno, kwa sababu akidi haikutimia. Ndipo likatolewa wazo kwamba mdau mwenyewe ana majukumu mengi, basi atafutiwe mwakilishi.

Wakaenda Fungurefu, kijiji ambacho bandari ilikuwa ikae mbele yake. Walifika maji yamekupwa, wanawake wako mbali huko ndani, maji magotini, wanafunga mwani. Mwani ni mmea wa baharini. Hufungwa vishada vishada kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, ukakua humo majini kama mchicha bustanini. Wengi wa wanawake wale walikuwa wajane, na kamba zile ndizo zilizowalea watoto wao baada ya waume kwenda kwa Mola.

Mmoja wao ni Bi Mize, mjane wa marehemu Makame. Yeye alikuwa na mazoea yake. Kila fundo alilofunga alilifunga kwa tasbihi, fundo na "Subhanallah", fundo na "Subhanallah", mpaka kamba iishe. Hivyo midomo yake ilikuwa haitulii, na uso wake ulielekea majini.

"Yule bibi anazungumza na nani?" akauliza Waziri kutoka mchangani.

Bwana Shaame akakaza macho. "Anazungumza na bahari, Mheshimiwa."

"Na yenyewe inamjibu?"

Kikaja kiwimbi kidogo, kikamrushia Bi Mize maji mpaka kiunoni. Akakiangalia, akaendelea na fundo lake.

"Inamjibu, Mheshimiwa. Na inaonekana wanaelewana."

Wakamwita. Akatoka majini taratibu, kanga imemganda, kisu cha kukatia kamba mkononi. Bi Raya, jirani yake wa miaka mingi, akamfuata nyuma, kwani Bi Raya hakuwa mtu wa kuachwa na habari.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema Waziri.

"Marahaba, mwanangu."

"Serikali inakuomba uwe bahari."

Bi Mize akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Niwe nani?"

"Bahari. Ni ndani ya vikao tu. Ukitoka nje unarudi kuwa wewe."

"Kubali, shoga," Bi Raya akasema. "Mimi nilidhani cheo chako kitaishia kwenye kugawa haluwa ya maulidi."

"Hebu nyamaza, Raya." Bi Mize akamgeukia Waziri. "Hiyo bandari inayosemwa, baba, itakaa wapi?"

Dakta Ngwali akanyoosha kidole. Kidole kikavuka mchanga, kikavuka vigingi vya kwanza, kikasimama pale pale alipotoka yule bibi na kamba zake.

Bi Mize akavitazama vigingi vyake. Akawaza kuwa maneno ya pale yatasemwa, awepo asiwepo, na afadhali awepo mmoja wao. "Na huko kikaoni nitakuwa karibu na wanaosema?"

"Mstari wa mbele, bi mkubwa."

Akakubali. Nia yake ilikuwa moja tu, kuyaombea mashamba ya mwani yabaki.

Siku ya kuapishwa, Bwana Shaame alimletea msahafu na maneno ya kiapo: "Mimi ni Bahari, na nitasema kama Bahari." Bi Mize akarudisha mkono wake.

"Siapi hivyo. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu na mimi ni Mize. Nikisema mimi ndiye, nitakwenda kumwambia nini aliyeiumba?"

Chumba kikaingia baridi. Waziri akauliza kwa upole anaweza kuapa nini basi.

"Nitaapa kwamba sitaitia bahari mdomoni neno ambalo haikuniambia."

Dakta Ngwali na Bwana Shaame wakatazamana, na nyuso zao zikang'aa kama watu walioletewa biriani wasiyoitarajia. Wakasema kiapo hicho kinatosha. Tena kinatosha sana.

Hapo ndipo yakaanza maisha mapya ya Bi Mize. Kikaoni aliwekewa kiti cha kitambaa cha buluu chenye pindo jeupe, mfano wa povu. Akiinuka kwenda kuswali adhuhuri, katibu husimama na kutangaza, "Bahari imekupwa." Akirudi, katibu hutangaza, "Bahari imejaa," na wajumbe huinua mabegi yao kutoka chini. Wakati wa chakula, samaki hakupitishwa mezani kwake, kwa kuheshimu kwamba ni wanawe. Aliletewa kuku, naye hana chumvi, asije Mheshimiwa Bahari akaona anarudishiwa vitu vyake mwenyewe.

Wadau wengine nao wakasikia habari ya viti, wakadai wakilishwe. Upepo ukapewa mpiga tarumbeta mstaafu. Mikoko ikapewa bwana mmoja aliyesifika kwa kusimama mahali pamoja siku nzima bila kufanya kitu, ambaye serikali ilikuwa naye tayari kwenye ajira. Mchanga ukapewa mkandarasi. Huyo alihudhuria mara moja, kisha kila kikao akawa anakaa kiti cha pembeni zaidi, mpaka siku moja hakuonekana. Walipomtafuta wakaambiwa amesogea kaskazini.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Waziri hueleza jambo, kisha katibu humgeukia Bi Mize.

"Tunataka kuchimba kina ili meli kubwa zipite. Bahari ina neno?"

Bi Mize anakumbuka kiapo. Bahari haikumwambia lolote kuhusu kina. Ananyamaza.

"Bahari imeridhia," katibu anatangaza, na watu wanapiga makofi.

"Tunataka kujenga ukuta wa kuvunja mawimbi. Bahari ina neno?"

Kimya.

"Bahari imeridhia, tena kwa utulivu wa kupigiwa mfano."

Bi Mize akaanza kuliona shimo alilosimama ukingoni mwake. Akainua mkono. "Samahani, mwenyekiti. Bahari haijasema kitu, lakini mimi Mize ninalo neno. Pale mnapotaka kuchimba pana mashamba ya mwani ya wanawake wa Fungurefu."

Ukumbi ukageukiana. Bwana Shaame akapekua orodha ya wajumbe, akanong'ona na Waziri, akasimama kwa masikitiko ya kweli.

"Mheshimiwa Bahari, huyo Bi Mize unayemtaja si mjumbe wa kikao hiki. Kama ana malalamiko, ayapeleke kwa mdau anayehusika na eneo hilo."

"Ni nani huyo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Na mambo hayakuishia hapo. Kikao cha mwisho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Dakta Ngwali alieleza kwamba bandari inahitaji ardhi mpya, na kwamba nchi nyingine humwaga mawe na kifusi baharini mpaka wapate pa kusimama. Jambo hilo huchafua maji na si endelevu. Nchi yao ingetumia njia ya kirafiki. Ingemwomba mdau arudi nyuma.

"Bahari ina neno?"

Bi Mize alifumba macho, akasikiliza kwa moyo wake wote. Akasikia feni.

"Bahari imeridhia."

Askari wanne wakaja kwa adabu, wakakishika kiti cha buluu na yeye akiwa juu yake, wakakivuta. Wakakivuta mpaka ukutani, na kwa kuwa waliambiwa eneo linalotakiwa ni kubwa, wakakipitisha mlangoni na kukitua barazani karibu na mtungi wa maji. Kutoka huko Bi Mize akasikia shangwe ndani, na sauti ya katibu ikipasua shangwe: "Bahari imerudi nyuma, na ardhi iliyoachwa ni mali ya serikali."

Kesho yake mjumbe akafika Fungurefu akiwa na kipaza sauti. Wanawake wote waliovamia nchi kavu ya serikali kwa kupanda mwani wang'oe vigingi vyao kabla ya siku ya kuwekwa jiwe la msingi. Alitangaza hayo akiwa ndani ya mtumbwi, maana maji yalikuwa yamejaa.

Bi Raya alimkuta Bi Mize amekaa juu ya mkeka wake wa kuswalia, hajauinua.

"Shoga, hivi wewe ulikwenda kututetea au kutuuza?"

"Nilikwenda kutetea."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Makubwa. Mtu akuombe kuwa bahari, halafu uwe kisima."

"Niliapa, Raya. Ningesema bahari imekataa, ningekuwa nimesema uongo kwa msahafu."

Bi Raya akaketi. Alikuwa na hasira, lakini alimjua mwenzake, alijua hata deni la punje ya mchele hawezi kulibeba. "Haya. Lakini mimi vigingi vyangu sing'oi. Siwezi kuamriwa na mtu aliye juu ya mtumbwi kwamba mimi nimesimama pakavu."

Na wengine nao hawakung'oa. Bi Mize akaswali, akaomba, akalala na mzigo wake kifuani.

Siku ya jiwe la msingi ilipangwa kufuatana na nafasi ya mgeni rasmi, naye si mwingine ila Mtukufu mwenyewe, Kiongozi wa nchi. Nafasi yake ikaangukia siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote za mwezi. Wahandisi walijua hilo. Wenye maduka ya vifaa vya uvuvi walijua. Bwana Shaame alijua, kwani alizaliwa nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Lakini nani aseme kwamba bahari itafika mahali ilikokwisha kuondoka mbele ya akidi kamili? Mhandisi mkuu alikuja na suti nzuri na viatu vya mpira vya kufika magotini. Aliyemuuliza aliambiwa ni ushauri wa daktari.

Maji yakiwa bado mbali, hema likasimikwa juu ya ardhi mpya, zulia jekundu likatandikwa mchangani, viti vikapangwa kwa vyeo. Kiti cha Mtukufu kilikuwa cha mninga, kipana kama kitanda. Bi Mize akawekwa kushoto, kwenye buluu yake. Nyuma ya hema, hatua chache tu, vilionekana vigingi vya mwani, na wanawake wa Fungurefu wamesimama kutazama.

Mtukufu alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi. Alipoketi, zulia lilikuwa limeanza kupumua.

Ikapigwa bendi. Ikaja ngoma. Waziri akashika kipaza sauti, akazingatia itifaki, akawataja waliokuwepo mmoja mmoja, na alipofika kwa wakuu wa idara, maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyetazama chini. Watu walipiga makofi kwa mikono na kurusha maji kwa miguu. Ngoma kubwa ya bendi ikaelea, mpigaji wake akaifuata akiipiga.

Sheria ya nchi ile ni kwamba hakuna anayeondoka kabla ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi haondoki kabla ya kuhutubia. Basi wakakaa. Wake wa wakubwa waliweka mikoba kichwani kana kwamba ndiyo mtindo wa mwaka.

Mtukufu akamwinamia Waziri. "Ngwali. Nina nini miguuni?"

"Heshima za wananchi, Mtukufu."

"Mbona za baridi?"

"Ni za asubuhi, Mtukufu. Zitapata moto."

Kisha Dakta Ngwali akainuka, akakata maji mpaka kwenye kiti cha buluu, jasho likimtoka ingawa nusu yake ilikuwa imelowa. Akachutama, maji yakamfika kidevuni.

"Mama," akasema, kwani sasa ilikuwa mama, "nisitiri. Nitakuita uhutubie. Sema bahari imekuja kushukuru. Imekuja kwa hiari kumwona Mtukufu, itarudi. Sema hayo tu, na naapa mashamba yenu hayataguswa mpaka kiama."

"Yote? Na ya Raya?"

"Yote, mama. Na ya Raya."

Bi Mize akatazama nyuma. Aliwaona wenzake wamejipanga, kanga zimefungwa juu, nyuso zimemwelekea yeye. Neno moja dogo. Nani angedhurika? Moyo wake ukampigia hesabu nzuri za uongo huo, mpaka akashtuka jinsi zilivyokuwa nzuri.

"Mheshimiwa Bahari," ikaita sauti ya katibu, "karibu utusalimie."

Akasimama. Maji yalikuwa kiunoni. Mawimbi yakawa yanazilamba nguzo za hema.

"Asalaam alaykum," akasema Bi Mize. "Nimeambiwa niseme bahari imekuja kushukuru. Haikuniambia hivyo. Haikuniambia kitu tangu siku mliyoniweka, wala tangu mama yangu aliponizaa. Mimi huwa namtaja Mungu tu ninapofunga mwani, ndio haya mkayaona mazungumzo. Leo bahari yenyewe hii hapa, imefika kwa miguu yake. Mwenye neno nayo aseme nayo. Mimi kazi hii naiacha."

Akavua beji yake, akaiweka juu ya maji, ikaondoka.

Hakuthubutu tena kumtazama Bi Raya. Alijua alichokitupa.

Mtukufu akamgeukia Mkuu wa Itifaki. "Shaame. Bahari imejiuzulu?"

"Imejiuzulu, Mtukufu. Mbele ya akidi."

"Kwa hiyo hapa tulipo, kiitifaki, bahari ipo au haipo?"

Bwana Shaame akafikiri, maji yakimpiga tumboni. "Haipo, Mtukufu."

Uso wa Mtukufu ukafunguka. "Basi mlikuwa mnanitisha bure," akasema, akakunjua hotuba yake na kuanza kusoma akiwa ameketi.

Ilikuwa hotuba nzuri. Alipofika kwenye vizazi vijavyo, kiti cha mninga kikanyanyuka. Alipofika kwenye ajira kwa vijana, kikageuka taratibu, akawa anawahutubia kaa. Kisha maji yakakichukua na kukipitisha nyuma ya hema, na mawaziri, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumpa mgongo wala kumtangulia, wakageuka na viti vyao wakimfuata kwa macho na makofi. Angefika mbali sana kama asingenasa. Alinasa kwenye kamba za mwani, kiti huku na miguu huku.

Bi Raya ndiye aliyemfikia kwanza. "Shika kamba, baba. Usirushe miguu, utaniharibia vishada."

"Hiki ni nini?" akauliza Mtukufu, majani yamemkaa begani kama nishani.

"Mwani."

"Unafanya nini hapa?"

"Unakushikilia."

Redio usiku ikatangaza kwamba sherehe ilifana na kwamba Mtukufu alipata wasaa wa kutembelea wakulima.

Lakini nafasi ya bahari ilikuwa wazi, na nchi haiwezi kukaa bila bahari. Akateuliwa mpwa wa Dakta Ngwali, kijana mpole asiyepinga jambo, mkazi wa mji mkuu ulioko milimani, ambako majira ya asubuhi hushuka umande kidogo. Akaapa kiapo kizima bila kusita. Na kwa kuwa bandari lazima iwe palipo na bahari, nayo ikahamishiwa mlimani, karibu na nyumbani kwake. Ikajengwa gati ndefu ya zege, zikasimikwa winchi, ukajengwa na ukuta wa kuvunja mawimbi. Wafadhili walipokuja kukagua walistaajabu. Mchanga haukuifukia. Mikoko haikukatwa. Maji hayakuchafuka hata tone. Wataalamu wakaandika kwamba hawajapata kuona bandari iliyoidhuru bahari kidogo kuliko ile, ikapewa tuzo, na mpwa akaipokea kwa niaba ya pwani zote.

Huko Fungurefu serikali haikuwa na la kujenga tena, kwani mahali pale palikuwa pamekwisha kutangazwa kuwa pakavu, na hapakuwa na kikao cha kuirudisha bahari. Wanawake wakarudi kwenye kamba zao. Siku ya kwanza hakuna aliyemsemesha Bi Mize. Siku ya pili Bi Raya akamsogezea kisu.

"Ungesema lile neno moja, sote tungekuwa na ahadi ya Ngwali," akasema.

"Najua."

"Ahadi ya Ngwali," Bi Raya akarudia, akaangalia upande wa milimani, na mabega yakaanza kumtikisika. Bi Mize naye akashindwa kujizuia. Wakacheka mpaka wakashikana wasianguke majini.

Hatimaye akaja afisa wa makamo kutoka mji mkuu, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alitumwa awaondoe wavamizi kwenye ardhi kavu ya serikali. Akashuka mpaka pale mchanga unapoanza kulowa, akasimama. Mbele yake maji yalikuwa yanameta mpaka upeo wa macho, na wanawake wako ndani yake magotini, wanafunga. Akainua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha. Kulowa hapo kungekuwa ni kuipinga serikali hadharani.

"Nyinyi kina mama," akaita, "nimeagizwa nifike hapo mlipo."

Bi Mize alikuwa katikati ya fundo, midomo yake ikienda, hakugeuka. Bi Raya ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole kabisa, kama anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Njoo tu, mwanangu. Ni pakavu."